Mtoto wa Kwenye Pazia na Mtoto wa Mtaani

Juma lililopita nilipata barua fupi kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Temeke. Anasema alikaa na jamaa yake kutazama filamu moja ya Kihindi inayohusu watoto wa mitaani, na ilipokwisha nyumba nzima ilinyamaza, mkewe anafuta machozi kwa upindo wa khanga. Ndipo mwanawe mdogo alipouliza jambo ambalo baba mtu hakuwa na jibu lake: "Yule mtoto, walipomaliza kumpiga picha, alikwenda kulala wapi?" Msikilizaji wetu kanitupia mimi swali hilo. Nami nimelibeba juma zima, maana kila nikiligeuza naliona si la kitoto hata kidogo.

Sinema imekuwa ikiwaonyesha watoto waliotupwa tangu ilipokuwa bado bubu. Na hapa sina budi kuanza na mtu ambaye wengi wa rika langu tulimjua kwenye ukuta uliopakwa chokaa, au kwenye shuka lililotundikwa baina ya miti miwili, siku gari la sinema lilipopita. Charlie Chaplin. Sisi tulimwita Chale, na jina lenyewe likawa neno la Kiswahili. Mtu mwenye vituko vya kuchekesha huambiwa ni chale, na mambo yake ni uchale. Tulimcheka kwa viatu vyake vikubwa, suruali inayompwaya na kifimbo chake. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu yule alilelewa katika nyumba ya maskini.

Chaplin alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889. Baba yake na mama yake wote walikuwa waimbaji wa majukwaani. Baba alikuwa mlevi, akaihama nyumba mapema, na pombe ikamwua mwaka 1901. Mama, aliyeitwa Hannah, sauti ilimkatika na kazi ya kuimba ikaisha, akabaki kushona nguo za watu kwa malipo ya kijungujiko. Mwaka 1896, Charlie akiwa na miaka 7, mama akashindwa kabisa. Akawashika mkono wanawe wawili, Sydney na Charlie, wakaenda kubisha hodi katika nyumba ya maskini ya Lambeth.

Hebu niseme kidogo juu ya nyumba hizo, maana pasipo kuzielewa hatutaielewa filamu yenyewe. Sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1834 ilikuwa na falsafa yake: maisha ndani ya nyumba ya maskini yawe magumu kuliko ya kibarua fukara kuliko wote aliye nje, ili asije mtu akavutiwa kuingia. Ndivyo ilivyokuwa. Mlangoni familia ilipasuliwa. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, watoto upande wao. Nguo zako ulizivua, ukavaa za nyumba. Mama aliyeingia na wanawe akiwa amewashika mkono aliruhusiwa kuwaona kwa saa maalumu tu, kama anayekwenda kuangalia wafungwa.

Baada ya muda mfupi watoto wale wawili walipelekwa Hanwell, nje ya London, kwenye shule kubwa ya watoto wa mafukara. Charlie alikaa huko takriban mwaka mmoja na nusu. Kaka yake, ambaye alikuwa ndiye kinga yake, alihamishiwa katika meli ya kufundishia vijana kazi ya ubaharia. Mdogo akabaki peke yake. Alipopata mapunye alinyolewa kichwa chote, kikapakwa ayodini, akatengwa na wenzake. Na Chaplin akiwa mzee tajiri aliandika kwamba aliona haya watoto wengine wakimtazama dirishani. Shuleni hapo palikuwa na siku ya viboko, wavulana wote wakipangwa mistari kushuhudia. Siku moja alisingiziwa kuwasha moto msalani. Alipoulizwa kama ana hatia alijibu ndiyo, ingawa hakutenda. Akachapwa viboko vitatu.

Kuna siku moja katika maisha yake ambayo mimi naiona ni filamu kamili. Ni Agosti 1898, familia imerudi tena katika nyumba ya maskini. Hannah akawaambia wakubwa wa nyumba kwamba anaondoka na wanawe. Taratibu zikafanywa, wakarudishiwa nguo zao zilizokunjamana, wakatoka. Hawakuwa na pa kwenda. Walikwenda kwenye bustani ya Kennington, Sydney akiwa na senti chache alizozidundiliza, wakanunua matunda ya cheri wakala, wakatengeneza mpira wa karatasi za gazeti wakacheza mama na wanawe kutwa nzima. Jioni wakarudi kubisha hodi palepale walipotoka asubuhi, kwa hasira kubwa ya wakubwa ambao ilibidi waanze upya kuandikisha na kuzifukiza nguo. Mama alikuwa amewaibia wanawe siku moja. Mwezi uliofuata alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1919 Chaplin yuko California, ni maarufu pengine kuliko mtu yeyote duniani. Mwezi Julai mwaka huo mkewe alizaa mtoto wa kiume aliyeishi siku tatu tu. Muda si mrefu baada ya mazishi Chaplin alianza kutafuta mtoto wa kuigiza naye. Akampata katika jukwaa moja la Los Angeles: Jackie Coogan, mtoto wa mchezaji wa majukwaani, aliyekuwa hajatimiza hata miaka 5.

Filamu iliyotoka humo, The Kid, yaani Mtoto, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Mama asiye na mume anatoka hospitali ya wahitaji na kichanga mikononi, anakiacha ndani ya gari la matajiri akitumaini kitapata malezi. Wezi wanaiba gari lile, wanakikuta kichanga, wanakitupa uchochoroni. Anayekiokota ni yule Chale wetu, hohehahe asiye na mbele wala nyuma. Anajaribu mara mbili tatu kukirudisha kwa mwingine, hawezi, anakipeleka chumbani kwake darini. Miaka mitano inapita. Mtoto amekuwa mtundu mwenye kazi: yeye hutangulia kuvunja vioo vya madirisha ya watu kwa mawe, na baba yake hupita nyuma kama kwa bahati, fundi vioo na mzigo wake mgongoni. Hapo ndipo tulipokuwa tukicheka mpaka tukikohoa.

Kicheko kinakatika pale mtoto anapougua na daktari anauliza kama huyu ndiye baba wa kweli. Daktari anatoa taarifa, na afisa wa nyumba ya yatima anafika na gari. Angalieni jinsi Chaplin alivyomchora afisa huyu. Hazungumzi na maskini moja kwa moja. Anamwambia msaidizi wake amwulize, na yule yuko palepale hatua mbili, anasikia kila neno. Mtu aliyeigiza hivyo hakubuni. Aliyaona hayo akiwa na miaka 7. Mtoto anatupwa ndani ya gari kama gunia, analia mikono kainyoosha, na baba yake anakimbia juu ya mapaa ya nyumba kulifukuzia gari hadi analirukia na kumkumbatia.

Lakini sasa tulijibu swali la mtoto wa Temeke. Machozi yale ya Jackie Coogan yalitoka wapi? Chaplin mwenyewe ameeleza. Mtoto alikuwa katika siku ya furaha, hataki kulia. Baba yake mzazi akamwendea kando na kumwambia kwamba asipolia ataondolewa pale na kupelekwa nyumba ya maskini ya kweli. Mtoto akaangua kilio, kamera zikazungushwa. Chaplin anasema alikwenda kumtuliza na kumwambia hapelekwi popote. Yaani filamu iliyotengenezwa kuulaumu ulimwengu kwa kuwatisha watoto na nyumba za yatima ilipata machozi yake kwa kumtisha mtoto na nyumba ya yatima. Jambo hili sijaliona likisemwa kwa uzito unaostahili.

Jackie akawa mtoto maarufu kuliko wote duniani. Picha yake iliuzwa kwenye madaftari, kwenye pipi na kwenye nguo. Mwaka 1924 alisafirishwa hadi Ulaya kuchangisha chakula na nguo kwa ajili ya yatima wa Mashariki ya Karibu, wengi wao Waarmenia. Alipata fedha ambazo wakati huo zilikisiwa kuwa dola milioni 3 hadi 4. Mwaka 1935 baba yake alikufa katika ajali ya gari, na mwaka huohuo Jackie akatimiza miaka 21, akaenda kudai chake. Kumbe mama yake na mume mpya wa mama walikuwa na maoni mengine. Sheria ya California wakati ule ilihesabu chumo la mtoto mdogo kuwa mali ya wazazi wake. Alifungua kesi mwaka 1938. Walipopatana, akatoka na dola 126,000 tu. Kelele zilizopigwa na wananchi zilizaa sheria ya mwaka 1939 inayoitwa kwa jina lake, iliyoziwezesha mahakama kuamuru sehemu ya mapato ya mtoto mchezaji iwekwe akiba. Sheria hiyo ilikuwa na mianya mingi, na haikuzibwa sawasawa mpaka mwaka 2000.

Chaplin naye hakuwa malaika. Mwaka 1931 alirudi Hanwell kuiona shule yake ya zamani. Watoto wa shule walimshangilia, akawafanyia vituko vyake, naye kwa masimulizi ya waliokuwa naye aliguswa sana moyoni. Akaahidi kurudi tena na zawadi. Siku ilipowadia zawadi zilifika kweli, pamoja na mashine ya kuonyeshea sinema, lakini zililetwa na wasaidizi wake. Yeye alikuwa amekwenda kula chakula cha mchana na wakubwa.

Walikutana tena, yeye na Jackie, mwaka 1972 huko Los Angeles, Chaplin alipokwenda kupewa tuzo ya heshima ya Oscar. Chaplin alikuwa mzee wa miaka 82. Jackie alikuwa jitu nene lenye upara, aliyejulikana na vijana kwa sababu ya mchezo mmoja wa kuchekesha wa televisheni. Walikumbatiana.

Sasa niende Italia, mwaka 1946. Vita imekwisha mwaka mmoja tu. Askari wa Kimarekani wamejaa Roma na watoto wasio na makwao wanawapigia viatu rangi njiani, wanapaza sauti kwa Kiingereza cha kusikia: "sciuscià!" Hayo ndiyo masikio ya Kiitaliano yalivyoyapokea maneno ya Kiingereza ya kung'arisha viatu, na neno hilo likageuka kuwa jina la watoto wenyewe. Kila mji unawapa jina watoto wake wa aina hii. Nairobi ni chokoraa, Goma na Kigali ni mayibobo, Kinshasa ni shege. Napoli waliitwa scugnizzi. Ukishampa mtoto jina la kundi hutalazimika tena kumwuliza jina lake.

Mwongozaji Vittorio De Sica, akisaidiwa na mwandishi Cesare Zavattini, aliwachukua watoto wasiojua uigizaji akatengeneza filamu ya jina hilohilo, Sciuscià. Wapiga viatu rangi wawili, Pasquale na Giuseppe, wana ndoto moja, kununua farasi mweupe. Wanatumwa na wakubwa kwenda kuuza mablanketi ya magendo, wanapata fedha za farasi, lakini polisi wanawakamata na kuwatia katika jela ya watoto. Wakubwa waliowatuma hawaonekani. Humo ndani wakuu wanataka majina ya wahusika. Wanamwambia Pasquale kwamba rafiki yake anapigwa chumba cha pili. Anasikia mapigo na mayowe. Kumbe linalopigwa ni gunia na anayepiga mayowe ni mtoto mwingine aliyetumwa. Pasquale, kwa kumwonea huruma rafiki, anataja majina. Giuseppe anasikia kwamba amesalitiwa, wala hajui sababu. Kuanzia hapo urafiki unageuka sumu, na filamu inaisha kwa kifo, darajani usiku, na yule farasi anaondoka zake.

Sijui kama kuna filamu iliyoeleza vizuri zaidi kazi inayofanywa na jela ya watoto. Hakuna askari katili sana humo. Wengine hata ni watu wazima wa kawaida wenye kuchoka. Jengo lenyewe ndilo linalofanya kazi. Waitaliano hawakuipenda wakati ule, walitaka kusahau, na kibiashara ilianguka. Wamarekani wakaipa tuzo maalumu ya Oscar.

Ufaransa nitapita haraka. François Truffaut alikuwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa mwaka 1932, akalelewa na bibi, mama yake hakutaka hata kumsikia akipiga kelele nyumbani. Mwaka 1948, baada ya kuingia madeni kwa ajili ya klabu yake ya sinema, baba wa kambo alimpeleka mwenyewe polisi, akaishia katika kituo cha vijana wakosaji. Aliyemsaidia kutoka ni mhakiki wa sinema André Bazin, mtu asiye na undugu naye wa damu. Mwaka 1959 Truffaut alitoa Les Quatre Cents Coups, akaitabaruku kwa Bazin aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kijana anatoroka shule ya maadilisho, anakimbia, anakimbia, anafika baharini ambako hakuna tena pa kukimbilia, anageuka kututazama, na picha inaganda hapo. Mchezaji wake, Jean-Pierre Léaud, alikuwa na miaka 14. Truffaut hakumwacha, aliendelea kumchezesha mtu yuleyule katika filamu nyingine hadi mwaka 1979. Huyu tuseme alipata pa kulala.

Ninakotaka kufika hasa ni Brazil. Nawaomba mnivumilie hapa, maana habari yenyewe ni nzito.

Mwaka 1980, Brazil ikiwa bado chini ya utawala wa kijeshi, mwongozaji mzaliwa wa Argentina, Hector Babenco, alitoa filamu inayoitwa Pixote. Inaelezwa kwamba kwanza alikusudia kutengeneza filamu ya hali halisi ndani ya vituo vya serikali vya kufungia watoto, akahojiana na watoto wengi, kisha milango ikafungwa. Akaamua kuigiza, akitumia watoto wa mitaa ya mabanda ya São Paulo. Pixote ni mtoto wa miaka 10 hivi anayezolewa katika msako wa polisi, bila kosa lililothibitishwa, akatiwa katika kituo cha serikali. Mambo anayoyaona humo usiku sitayasimulia redioni, na hata magazetini pana watoto wanaosoma. Itoshe kusema kwamba watoto wanakufa na karatasi zinaandikwa kwamba walitoroka. Pixote anatoroka kweli na wenzake. Wanaanza kwa kunyang'anya mikoba, wanaingia dawa za kulevya, wanaishia kwenye bastola. Mwisho wa filamu tunamwona peke yake akitembea juu ya reli, anapiga kopo teke kama mtoto yeyote, na silaha anayo.

Katika nakala iliyokwenda nje ya nchi, Babenco mwenyewe anasimama mbele ya mabanda akieleza kwamba sheria ya Brazil haimshitaki aliye chini ya miaka 18, na kwa hiyo wahalifu wakubwa huwatumia watoto. Kisha anatuonyesha nyumba halisi ya mchezaji wake. Mtoto huyo ni Fernando Ramos da Silva, mzaliwa wa mwaka 1967, wa Diadema, kando ya São Paulo. Amesimama mlangoni pamoja na mama yake na ndugu zake. Ilikuwa ni namna ya kusema: huu si uongo.

Dunia nzima iliusifu uso wa Fernando. Ni uso wa mzee katika mwili wa mtoto, ukiuona huusahau. Watu walidhani amekwisha kuokoka. Alipewa kazi katika mchezo wa televisheni, haikudumu, kwa sababu alikuwa hajui kusoma vizuri na maandishi ya mchezo yalimshinda. Fikirini jambo hilo. Mtoto aliyeigiza kuliko wakubwa waliosomea anafukuzwa kazi kwa sababu nchi yake haikumfundisha a, e, i, o, u. Akarudi Diadema. Huko akakuta jina jipya linamsubiri. Hakuna aliyemwita Fernando. Polisi na majirani walimjua kama Pixote, mwizi wa kwenye sinema. Mwenyewe alilalamika kwamba watu hawataki kumtenganisha na mtu aliyemwigiza. Alikamatwa mara kadhaa. Akaoa, akapata binti.

Tarehe 25 Agosti 1987 polisi walimpiga risasi na kumwua. Alikuwa na miaka 19. Polisi walisema alikuwa mhalifu aliyepambana nao kwa silaha. Jamaa zake na mashahidi wakasema hakuwa na silaha yoyote. Mwaka 1996 ilitoka filamu nyingine ya Kibrazili inayouliza ni nani aliyemwua Pixote. Angalieni hata hapo, katika jina la filamu inayomtetea, ni Pixote aliyeuawa. Fernando hayumo.

Kusema kweli haiwezekani kumtupia Babenco lawama zote. Asingelipiga filamu ile, Fernando angeliweza kufa hivyohivyo, kama walivyokufa maelfu wasiojulikana majina, wala mimi nisingelikuwa na la kuwasimulia leo. Tarehe 23 Julai 1993 vijana na watoto 8 waliokuwa wamelala nje karibu na kanisa la Candelária, Rio de Janeiro, waliuawa kwa risasi, na polisi wakahukumiwa kwa mauaji hayo. Hao hawakuwahi kuigiza filamu yoyote. Wakati huo Brazil ilikuwa tayari na sheria mpya ya mtoto na kijana, ya mwaka 1990, inayosifiwa kuwa ni miongoni mwa zilizo bora duniani, iliyofuta ile ya zamani iliyomhesabu mtoto maskini kuwa ni tatizo la polisi. Wapo wanaosema filamu ya Pixote ilisaidia kuifungua njia ya sheria hiyo kwa kuwatia watu aibu. Mimi sina kipimo cha kupimia aibu. Ninachojua ni kwamba filamu ilipata tuzo, sheria ikapatikana, na kijana akazikwa.

Huku kwetu Afrika somo hili lilitujia kwa njia ya ukimwi. Mwaka 1996 mwandishi wa Zimbabwe, Tsitsi Dangarembga, aliongoza filamu iitwayo Everyone's Child, yaani Mtoto wa Wote. Wazazi wamekufa, wamebaki watoto wanne. Hapana jengo la serikali humo. Mama mdogo yupo, baba mdogo yupo, majirani wapo, kijiji kizima kipo, na kila mmoja anaangalia pembeni. Kijana wa kiume anakwenda Harare, anaangukia kwa watoto wa mitaani. Binti mkubwa anabaki na wadogo zake, na mwenye duka anamsubiri. Sisi hupenda kusema kwamba Mzungu ndiye hupeleka yatima katika jengo, kwetu mtoto ni wa ukoo. Filamu hii iliuliza, ukoo ukishachoka je?

Na sasa nimrudie msikilizaji wetu, maana filamu aliyoitazama, kwa maelezo aliyoyaandika, haina shaka ni Salaam Bombay! ya mwaka 1988, ya Mira Nair. Huyu mama si mgeni kwetu. Ameishi Kampala miaka mingi, na mwaka 2004 alianzisha huko chuo cha kuwafunza watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki, akakiita kwa Kiswahili, Maisha. Katika filamu hiyo mtoto Krishna ameharibu pikipiki, mama yake amemwambia asirudi mpaka awe na rupia 500. Anaachwa na sarakasi aliyokuwa akiifanyia kazi, anafika Bombay, anapeleka chai katika mitaa ya makahaba na kudundiliza senti. Anamlipa mwandishi wa barua wa barabarani amwandikie mama yake. Jirani yake ni msichana mdogo ambaye mama yake ni kahaba. Serikali inamchukua mtoto huyo na kumtia katika kituo, kwa wema wake, na mama haruhusiwi kumrejesha. Krishna naye anakamatwa, anafungiwa, anatoroka. Rupia 500 hazitimii.

Nair alifanya jambo moja ambalo wenziwe hawakulifanya. Watoto wake walikuwa wa mitaani kweli, aliwafundisha kwanza kwa majuma kadhaa kabla ya kamera kuwashwa, na filamu ilipoleta mapato aliyatumia, yeye na mama yake, kuanzisha mfuko wa kuwatunza watoto wa mitaani, unaoitwa Salaam Baalak. Mfuko huo ulianza mwaka 1988, na watoto wengi waliolala vituo vya reli vya Delhi na Bombay wamepita humo. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko tuzo ya Cannes aliyoipata.

Aliyeigiza kama Krishna anaitwa Shafiq Syed. Alikuwa ametoroka kwao Bangalore akazurura mitaani Bombay, ndipo alipookotwa na filamu. Serikali ya India ilimpa tuzo ya taifa ya mchezaji bora mtoto, akaipokea akiwa amevalishwa vizuri. Baadaye alizunguka kwenye milango ya watengenezaji filamu akitafuta kazi, akapata moja nyingine ndogo, kisha basi. Waandishi wa magazeti walipomtafuta miaka mingi baadaye walimkuta Bangalore, ana mke na watoto, ana bajaji.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Temeke, mwambie mwanao kwamba mtoto yule walipomaliza kumpiga picha alihangaika kwanza, kisha alikwenda kulala kwao. Na kulipokucha aliwasha bajaji yake akaenda kutafuta abiria.